Banda la chini, la juu, nusu huria au keji: kuku 20 wa uani wakae wapi?

Mtu anayejenga banda lake la kwanza huanza kwa kuuliza ukubwa, na fundi humjibu kwa mazoea: "Futi kumi kwa kumi, mama, linatosha." Lakini linatosha kuku wangapi, wa aina gani, na wanashinda wapi mchana?

Futi 10 kwa 10 ni mita za mraba 9 na kidogo. Ukifungia humo kuku wa mayai usiku na mchana, 40 watakaa kwa raha. Kuku wa kienyeji wanaotoka asubuhi na kurudi kulala tu, hata 70 wataenea. Broila wa kuuza wakiwa na wiki sita, chumba hichohicho kitabeba 80 hivi, na kama uko Dar es Salaam au Tanga miezi ya joto, punguza wafike 70. Ndiyo maana jirani yako anaweza kukupa kipimo kilichomfaa yeye, wewe ukakifuata ukapata hasara.

Mimi nilijifunza hili Chanika, kwenye banda la futi 6 kwa 8 nililojenga pembeni mwa jiko la nje. Nilianza na matetea 15 ya chotara, wakastawi. Mayai yakanipa tamaa, nikaongeza 20 bila kuongeza hata tofali moja. Masika ilipoingia nilikuwa nikisimama mlangoni kila asubuhi, nanusa, sioni tatizo. Siku moja nikainama kuokota yai lililotagwa kwenye kona, kichwa changu kikafika usawa wa kuku. Macho yaliniwasha papo hapo mpaka machozi yakanitoka. Hewa ile ya kinyesi kilicholowa ndiyo waliyokuwa wakiivuta usiku kucha. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wakikoroma na kutoa kamasi, na nilizika 11.

Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri wa banda, swali langu la kwanza ni moja: kinyesi kitakwenda wapi? Kuku mkubwa hutoa kinyesi kibichi gramu 100 na zaidi kwa siku. Kuku 20 ni zaidi ya kilo 2 kila siku, kilo 60 na ushee kwa mwezi, na sehemu kubwa ya hizo ni maji. Aina nne za mabanda ninazolinganisha hapa zinatofautiana hasa kwa jinsi zinavyoushughulikia mzigo huo. Ukubwa unafuata baadaye.

Vigezo

Nimezipima zote kwa mambo matano: nafasi anayohitaji kila kuku, hewa na unyevu, usalama dhidi ya wezi na wanyama, gharama ya kujenga, na kazi ya kila siku. Mfano wangu ni kuku 20, kwa sababu ndiyo idadi ambayo familia nyingi huanza nayo.

Kabla ya kusoma zaidi, hesabu kuku utakaokuwa nao baada ya miezi sita, usiishie kwa wale wa leo. Ukinunua kuku 20 wa mayai wa kisasa, miezi sita ijayo utakuwa nao 20 au pungufu. Wa kienyeji ni hesabu nyingine kabisa. Tetea watano wakiatamia kwa pamoja, kila mmoja mayai 12, baada ya siku 21 unaweza kuamka na vifaranga 50 uani. Anayefuga kienyeji ajenge kwa ajili ya uzao, au apange mapema lini atauza majogoo.

Banda la chini lenye maranda

Hili ndilo lililoenea: sakafu ya saruji au udongo ulioshindiliwa, ukuta wa tofali hadi kiunoni, juu wavu, na sakafuni maranda au pumba za mpunga.

Nafasi: kuku wakubwa 4 hadi 5 kwa mita ya mraba kama hawatoki. Kuku 20 wanataka mita za mraba 4 hadi 5. Mimi ningejenga mita 2 kwa 3 ili vyombo vya chakula na viota visile nafasi yao.

Hewa na unyevu: hapa ndipo banda hili linapofaulu au kufeli. Maranda hufyonza kinyesi, na yakiwa makavu huoza polepole bila kunuka. Mwaga kina cha sentimeta 10 hadi 15, yageuze kwa reki kila baada ya siku chache, na yalinde na maji. Namna ya kupima ni rahisi. Chota kiganja kizima, ukaze ngumi, kisha ufungue. Yakisambaa mara moja, yako sawa. Yakishikamana kama kinyunya, yamelowa. Toa sehemu hiyo, hasa chini ya vyombo vya maji, uweke makavu. Yakiwa makavu mno mpaka yanatimua vumbi, nalo huwaumiza kifua. Inua sakafu angalau sentimeta 20 juu ya kiwanja. Ukishindwa hilo, mvua ya kwanza ya masika itaingia chini ya ukuta na kazi yote itaharibika.

Usalama: ukuta wa tofali ndio mgumu kuliko yote kwa mwizi. Siafu na panya bado wataingia wasipozuiwa.

Gharama: saruji na tofali hugharimu kuliko fito na mirunda, ila banda hudumu miaka mingi bila matengenezo makubwa.

Kazi: nyepesi kila siku, nzito siku ya kutoa maranda yote. Ila maranda hayo ni mali. Yakikaa kwenye lundo wiki kadhaa yakapoa, mchicha na mahindi huyapenda.

Linamfaa anayelea vifaranga, kwa kuwa sakafu ya maranda ndiyo inayowahifadhi joto, anayefuga kundi lenye umri mmoja, na anayeishi jirani na karakana za mbao anakoweza kupata maranda bila shida. Vifaranga wachunguzwe kwa makini: maranda yaliyolowa ndiyo makao ya koksidia, ule ugonjwa wa kuhara damu.

Banda la juu

Wengine huliita banda la kichanja. Linasimama kwa nguzo, mita 1 hivi kutoka ardhini, na sakafu yake ni fito, mabanzi membamba au mianzi iliyopasuliwa, yenye mianya ya kupitisha kinyesi.

Nafasi: kwa kuwa kinyesi hakikai na kuku, unaweza kufika 5 hadi 6 kwa mita ya mraba. Kuku 20 watatosha kwenye mita 2 kwa 2.

Hewa na unyevu: hapa ndipo nguvu yake ilipo. Hewa hupita chini, pembeni na juu, na maji ya mvua hayana cha kulowesha. Kiwanja changu hutuama maji kila Aprili, kwa hiyo banda langu la pili nililijenga hivi, na sijasikia tena kuku akikoroma usiku. Nyanda za juu kama Njombe au Lushoto, upepo huohuo wa chini huwa adha mwezi wa Juni na Julai. Huko ziba pande mbili kwa mbao au gunia zito, acha wazi sehemu ya juu karibu na paa hewa ipate kutoka.

Usalama: panya hapati pa kuchimba. Siafu unawazuia kwa kusimamisha kila mguu wa banda ndani ya kopo lenye oili chafu, na hakikisha hakuna jani wala kamba inayogusa banda na kuwa daraja lao. Mwizi ni hadithi nyingine: sakafu ya fito hung'oka kwa urahisi, kwa hiyo liweke karibu na dirisha la chumba unacholala.

Gharama: nafuu ukipata mirunda na mianzi. Nguzo zipake oili chafu sehemu inayoingia ardhini, mchwa wasizimalize.

Kazi: hapa watu hudanganyika. Kinyesi kilichodondoka hakijatoweka. Kiko chini ya banda. Masika kisipozolewa kila baada ya siku mbili tatu, inzi na funza watajaa na jirani atakuja kulalamika, tena kwa haki. Ndiyo maana nasisitiza urefu wa mita 1: uweze kuingiza fagio na koleo bila kutambaa.

Mianya ya sakafu nayo ipimwe. Sentimeta 1.5 hadi 2 zinatosha kwa kuku mkubwa. Zikizidi, mguu huzama na kuvunjika. Fito zisiwe na ncha, na usitandike wavu mtupu wa waya, kwani hukata nyayo, kidonda kikavimba na kuku akaanza kuchechemea. Vifaranga usiwapandishe mpaka wakomae.

Linamfaa mwenye kiwanja chenye majimaji, mwenye uani mdogo, na anayefuga matetea au chotara waliokwisha kukua.

Nusu huria

Hapa unakuwa na banda dogo la kulalia na uwanja uliozungushiwa wavu. Mchana wanachakura, wanaota jua, wanaoga vumbi. Usiku wanafungiwa.

Nafasi: ndani, hadi kuku 8 kwa mita ya mraba kwa sababu ni pa kulala, yaani mita 2 kwa 1.5 kwa kuku 20 na nafasi inabaki. Nje ndiko kunakodai eneo. Mpe kila kuku mita 2 za mraba kwa uchache, jumla mita za mraba 40. Hata hizo zitageuka vumbi tupu ndani ya wiki chache, maana kuku 20 hawaachi jani. Dawa yake ni kuugawa uwanja mara mbili kwa wavu katikati. Wanatumia upande mmoja, mwingine unapumzika majani yaote tena na mayai ya minyoo yapungue kwa jua.

Hewa na unyevu: kuku wanakaa penye hewa safi mchana kutwa, na banda hupata muda wa kukauka. Siku za mvua ndefu uwanja huwa tope, wakatembea nalo mpaka kwenye viota, ukaokota mayai machafu. Mwaga changarawe au pumba mlangoni, mita mbili hivi.

Usalama: huu ndio udhaifu wake. Mwewe huchukua vifaranga mchana kweupe, nguchiro na kicheche hupenya, kenge humaliza mayai, na mbwa wa mtaani akiingia mara moja huua kwa kucheza tu. Wavu wa matundu mapana humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii mnyama mwembamba. Kimo cha mita moja ya chini weka wa matundu ya nusu inchi, na uuchimbie ardhini sentimeta 30. Vifaranga wawe chini ya kivuli kilichofunikwa kwa wavu au miti iliyoshikana.

Gharama: banda ni dogo, wavu ni mwingi. Watu huweka hesabu ya banda wakasahau ya uzio, na uzio ndio unaokula pesa.

Kazi: kufungua asubuhi, kufunga jioni, bila kukosa hata siku moja. Chakula kitapungua kidogo kwa kuku wa kienyeji wanaojitafutia wadudu na majani. Kuku wa mayai wa kisasa usimtegemee uwanja. Yeye bado anahitaji gramu 110 hadi 120 za chakula kamili kila siku, la sivyo utaona kwenye trei.

Linamfaa mfugaji wa kienyeji na chotara mwenye eneo, anayetaka kuku waatamie na kulea wenyewe, na ambaye nyumbani kwake hakukosi mtu saa kumi na mbili jioni.

Keji

Ni vizimba vya waya vilivyopangwa kwa ngazi. Kuku hukaa watatu wanne kwenye chumba kimoja, chakula kiko mbele, maji hutoka kwenye chuchu za bomba wanazozidonoa, na yai huteremka lenyewe hadi nje.

Nafasi: ndogo kuliko zote. Kuku 20 huenea kwenye upana wa kitanda.

Hewa na unyevu: kinyesi huanguka chini, kwa hiyo koksidia hupungua sana. Lakini miili mingi iko mahali pamoja, na kuku hatoi jasho; hupoza mwili kwa kuhema. Kibanda chenye bati la chini na keji za ngazi tatu ni tanuri saa nane mchana. Na bomba la maji likiziba, hawana pengine pa kwenda kutafuta.

Usalama: kuku hawadonoani ovyo wala kula mayai, nawe unamwona mara moja asiyetaga. Kibanda chenyewe lazima kifungwe vizuri.

Gharama: kubwa mwanzoni kwa kuku wachache.

Kazi: mayai safi, chakula hakimwagiki sana, kuzoa kinyesi ni kila siku.

Kuna jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Ndani ya keji kuku hachakuri, hakunjui mabawa, haogi vumbi wala haingii kiotani, na mifupa yake hudhoofika kwa kukosa mwendo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku keji za kawaida za kuku wa mayai kuanzia Januari 2012. Mwenye kuku 20 wa kula na kuuza trei moja moja mtaani sioni sababu ya kumpeleka huko. Lakini anayeishi kwa kuuza mayai, uani wake ni upenyo kati ya nyumba mbili, ana sababu zake. Akichagua keji, apunguze kuku mmoja katika kila chumba na aweke dari chini ya bati. Jogoo, kienyeji na anayetaka vifaranga, hapa si mahali pao.

Yale ambayo hayabadiliki

Kwa mabanda matatu ya kwanza, vipimo vya ndani ni vilevile. Fito za kulalia: sentimeta 20 kwa kila kuku, kwa hiyo 20 wanataka mita 4, yaani fito mbili za mita 2, zote kimo kimoja wasigombanie ya juu. Kiota kimoja kwa kuku 5, sentimeta 30 kila upande, penye giza kidogo. Paa lisipungue mita 2 kutoka sakafuni.

Mwelekeo nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ubavu mrefu wa banda ulale mashariki kwenda magharibi, jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Kwa sisi wa pwani kuna faida ya pili: nyavu za pande ndefu zinatazama kaskazini na kusini, zinapokea upepo wa kaskazi miezi ya joto na wa kusi baadaye. Kusi huja na mvua za masika, basi upande huo ongeza upenu, sentimeta 80 au zaidi.

Tenga pia kizimba kidogo mbali na wengine. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mfugaji ana sababu yake ya kuifuata kamba hiyo: kila kuku unayemleta kutoka mnadani akae peke yake wiki mbili kabla ya kuwachanganya. Na hakuna banda linalozuia ugonjwa wa kideri (mdondo). Chanjo ya tone la jicho kila baada ya miezi mitatu ibaki palepale. Afisa mifugo wa kata yako atakuelekeza.

Kwa hali yako

Umepanga, na mwenye nyumba amekuruhusu kuku wachache: banda la juu la mita 1 kwa 2, kuku 8 hadi 10, lililofungwa kwa boliti badala ya misumari ili ulibomoe siku ya kuhama. Ulizia kwanza serikali ya mtaa kama kuna masharti ya kufuga.

Una kiwanja kikubwa Mkuranga au Kibaha na unataka kienyeji wazaliane: nusu huria, pamoja na chumba kidogo cha maranda kwa vifaranga mpaka wafikishe wiki nane. Mifumo miwili kwa pamoja si anasa. Kwa mfugaji wa kienyeji ndiyo njia inayopunguza vifo vya vifaranga.

Unaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala na kurudi usiku: usichukue nusu huria hata kama una ekari. Banda la chini la maranda, kubwa kuliko unavyohitaji, litakuvumilia zaidi.

Unakaa penye wizi mwingi: banda la chini la tofali, mlango wa chuma, ubavu mmoja ukishikamana na nyumba.

Kiwanja kinatuama maji: banda la juu, ama uinue sakafu ya banda la chini kwa kifusi cha nusu mita kabla ya kumwita fundi.

Umeshajenga, na kuku wamekuzidi kama walivyonizidi mimi: uza wachache wiki hii, kabla ya mvua. Kisha usiku, wakiwa wamelala, ingia na tochi, uchutame mpaka pua yako ifike walipo, ukae hapo ukivuta pumzi mpaka uhesabu mia moja. Macho yakianza kuwasha kabla hujafika, bado ni wengi.